Boti Ndogo ya Alumini: Namna ya Kuitayarisha na Kuipaka Rangi Upya

Somo la ufundi kwa wakazi wa Thika na Ruiru

Thika na Ruiru haziko kando ya ziwa wala bahari, lakini maji hayako mbali nasi. Kuna mabwawa ya kunyunyizia mimea katika mashamba ya kahawa na maua. Kuna vidimbwi vya samaki, ambavyo viliongezeka katika kaunti nyingi baada ya serikali kuanza kusaidia ufugaji wa samaki mwaka wa 2009. Kuna mashimo ya mawe ya Juja na Ndarugu, ambayo hujaa maji kila masika. Na kule Fourteen Falls, katika mto Athi, wageni huvushwa kwa boti ndogo ili wayaone maporomoko kwa karibu. Mvua za masika ya 2024 nazo zilitukumbusha kwamba boti ya uokoaji inaweza kuhitajika hata mahali ambapo juzi palikuwa na barabara.

Boti nyingi za aina hii ni za bati la alumini, zenye urefu wa futi 10 hadi 14. Ni nyepesi, kwa sababu alumini ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma, na watu wawili wanaweza kuibeba. Wenye boti hizi wana lalamiko moja: rangi mpya huambuka baada ya miezi michache. Mara nyingi lawama hutupiwa rangi yenyewe, lakini sababu iko chini ya rangi. Somo hili linaeleza namna ya kuitayarisha boti ili rangi ishike, na namna ya kufanya kazi hiyo bila kudhuru watoto, fundi wala mto. Mambo mengi yaliyomo yatamfaa pia mwenye lango, dirisha au bodi ya lori ya alumini.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Boti inayoelea vizuri imefanyiwa kazi ambayo jicho halioni. Rangi inayong'aa juu ya bati lililotoboka haimwokoi abiria.

Kwa nini alumini si sawa na mabati

Tazama sufuria yako jikoni. Hiyo ni alumini. Haishiki kutu nyekundu kama panga lililoachwa kwenye umande, kwa sababu mara tu alumini inapokutana na hewa, hujifunika utando mwembamba sana wa oksidi. Utando huo huilinda. Lakini uso wa namna hiyo ni laini, na tena huzeeka: ukikaa siku nyingi kwenye unyevu hugeuka kuwa unga mweupe. Rangi ikipakwa juu ya unga huo, imeshika unga, haijashika bati. Unga ukitoka, rangi nayo inatoka.

Sufuria hiyo hiyo inatufundisha jambo la pili. Ukichemsha maharagwe na magadi, sufuria hubadilika rangi ndani, kwa sababu magadi hula utando ule. Kostiki soda ni kali zaidi: hula alumini yenyewe. Kwa hiyo usioshe boti kwa kostiki, na ukinunua dawa ya kubandua rangi, hakikisha lebo inasema inafaa kwa alumini.

Jambo la tatu ni kwamba alumini haipatani na metali nyingine majini. Ikigusana na shaba au chuma mahali penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Boliti moja ya shaba au sarafu iliyosahaulika chini ya ubao wa sakafu inaweza kutoboa bati pole pole. Ndiyo maana pia rangi zenye shaba, zinazouzwa kwa ajili ya kuzuia mimea na konokono kushika boti za baharini, hazifai kabisa kupakwa juu ya alumini. Kwa boti ya maji baridi inayotolewa majini baada ya kazi, rangi ya namna hiyo haihitajiki hata kidogo. Kuosha kwa brashi kunatosha.

Hatua ya 1: Ikague kabla ya kununua rangi

Toa kila kitu kinachotoka: makasia, mbao za sakafu, kamba, mizigo. Iweke boti juu ya mbao mbili pana zilizoegemezwa vizuri, kisha mimina maji ndani hadi kina cha vidole vitatu. Kwa boti ya futi 12 hiyo ni karibu mitungi saba au minane ya lita 20. Usizidishe, kwani kila lita ni kilo moja, na boti haikuundwa kubeba maji kutoka ndani. Ngoja nusu saa, kisha inama uangalie chini. Kila mahali panapotiririka au kudondoka, weka alama kwa kalamu ya rangi.

Mara nyingi maji hutoka kwenye riveti zilizolegea, kwenye viungo, na kwenye mkuku unaosuguliwa na mawe kila boti inapoburutwa ufukoni. Riveti iliyolegea inaweza kukazwa kwa kugongwa na watu wawili, mmoja ndani na mwingine nje. Iliyokufa hutolewa na kuwekwa nyingine ya alumini isiyo na tundu katikati. Riveti za kawaida za kufyatua, zile za kufungia bango au mabati, zina tundu ambalo maji hupita, na nyingi zina kipande cha chuma ndani.

Ukiona ufa kwenye bati, usiufunike kwa kijazio. Ufa huendelea kutembea chini ya rangi. Mpelekee fundi anayejua kuchomelea alumini, kwani kazi hiyo ina mashine na gesi yake, na si kila anayechomelea mageti anaiweza.

Kagua pia povu gumu lililo chini ya viti. Kazi yake ni kuifanya boti iendelee kuelea hata ikijaa maji. Povu likiwa limelowa na kuwa zito, libadilishe. Usilitupe na kuacha nafasi tupu. Jihadhari na thina karibu nalo, kwani povu jeupe la kawaida huyeyuka likiguswa na thina. Mwisho, tafuta kibati cha mtengenezaji kinachoonyesha idadi ya watu na uzito ambao boti inaweza kubeba. Kifunike kwa utepe ili kisipotelee chini ya rangi.

Hatua ya 2: Osha kwanza, piga msasa baadaye

Mpangilio huu ni muhimu. Ukipiga msasa juu ya mafuta na matope, unayasukuma ndani ya mikwaruzo. Osha boti kwa maji ya sabuni na brashi ngumu ya plastiki, ndani na nje, kisha isuuze mara mbili. Palipo na grisi au mafuta ya injini, pangusa kwa kitambaa chenye thina kidogo, na ubadilishe kitambaa mara kwa mara. Kitambaa kichafu kinahamisha mafuta tu.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mafuta yameisha. Mwaga maji safi juu ya bati. Yakitandaa sawasawa kama shuka, bati ni safi. Yakijikusanya kuwa matone kama kwenye sufuria yenye mafuta, rudia kuosha.

Hatua ya 3: Pima rangi ya zamani

Si lazima kubandua kila kitu. Chora alama ya msalaba kwa wembe kwenye rangi ya zamani, bandika selotepu juu yake, isugue kwa kidole, kisha ing'oe kwa ghafla. Fanya hivyo mahali kama sita tofauti. Palipotoka vipande, rangi yote ya eneo hilo itoke hadi kwenye bati. Palipobaki imara, punguza mng'ao tu kwa msasa.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kazi hii. Rangi za zamani, hasa za manjano, nyekundu na machungwa, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa sasa nchini katika rangi mpya ni sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja, lakini boti iliyopakwa rangi miaka mingi iliyopita haikufuata kanuni hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini ambacho ni salama. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na akina mama wajawazito: risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Nchi yetu inajua uchungu wa jambo hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Boti moja si kiwanda. Lakini vumbi la boti moja, likipeperushwa katika ploti ambamo familia kumi zinaanika nguo na watoto wanacheza chini, linatosha kuleta madhara.

Kwa hiyo fuata kanuni hizi tano:

1. Piga msasa wa maji, usipige msasa mkavu. Lowesha msasa na bati wakati wote ili vumbi lisiruke.
2. Usitumie moto kubandua rangi. Moshi wake una sumu.
3. Tandika turubai chini ya boti, pana kupita boti kwa hatua moja kila upande.
4. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, glavu na miwani. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini.
5. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto au kula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Hatua ya 4: Fikia bati linalong'aa

Mahali rangi ilipotoka, anza na msasa namba 80 kwenye kingo, kisha namba 120 au 180 kwenye bati. Lengo ni mikwaruzo midogo iliyo sawa, ili rangi ipate pa kushika. Ukiona unga mweupe, endelea hadi uishe kabisa na bati ling'ae. Vishimo vidogo vilivyobaki vijazwe kwa kijazio cha epoksi, si kwa ile ya kawaida ya kuziba kuta.

Usitumie brashi ya waya wa kawaida, wala grainda ambayo jana ilikata chuma. Chembe za chuma hubaki ndani ya alumini, hushika kutu, na baada ya wiki chache utaona madoa mekundu chini ya rangi mpya. Kama ni lazima utumie brashi ya waya, iwe ya chuma kisichoshika kutu, na iwekwe kwa kazi ya alumini peke yake.

Hatua ya 5: Praima siku hiyo hiyo

Kumbuka ule utando. Dakika ile ulipomaliza kupiga msasa, alumini imeanza kujifunika tena, na unyevu wa usiku mmoja unatosha kuharibu kazi ya mchana mzima. Panga kazi yako hivi: kama huwezi kupiga msasa na kupaka praima ya boti nzima kwa siku moja, fanya nusu yake, na nusu nyingine kesho.

Praima ndiyo inayoamua kama rangi itadumu. Ile praima nyekundu ya redoksaidi, ambayo hupatikana katika kila hadwea na ambayo mafundi hupaka mageti, ni ya chuma, si ya alumini. Uliza praima ya epoksi ambayo lebo yake inataja alumini, au praima ya asidi inayouma bati. Usichanganye hizi mbili kwa kubahatisha. Praima ya asidi hupakwa nyembamba sana, na epoksi nyingine hukataa kushika juu yake, kwa hivyo lebo ndiyo mwamuzi. Epuka praima za zamani za manjano zenye kromati, kwani kromati husababisha saratani.

Chagua siku vizuri. Januari na Februari kwa kawaida ni miezi mizuri kwetu, na vilevile Septemba kabla ya vuli. Juni hadi Agosti, ukungu na manyunyu ya asubuhi huacha maji juu ya bati hata pale jicho lisipoyaona. Anza baada ya saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, na umalize kabla ya saa tisa alasiri ili rangi ikauke kabla ya ubaridi wa jioni. Fanya kazi kivulini. Bati lililopigwa na jua la saa sita hukausha rangi ya juu kabla ya ile ya chini, na matokeo yake ni malengelenge.

Hatua ya 6: Rangi yenyewe

Chagua rangi inayopatana na praima yako, ikiwezekana ya kampuni moja. Boti ya futi 12 ina karibu mita 7 za mraba nje na karibu kiasi hicho ndani. Lita moja ya rangi hufunika karibu mita 10 za mraba kwa koti moja. Kwa makoti mawili, ndani na nje, lita tatu zinatosha. Koti mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Kati ya koti na koti, piga msasa wa maji namba 220 au 320 kwa mkono mwepesi, kisha pangusa.

Anza na upande wa chini boti ikiwa imepinduliwa, kisha igeuze umalizie ndani. Nje, tumia rangi inayoonekana kwa mbali, kama machungwa au manjano isiyo na risasi. Boti ya kijani au kahawia haionekani katika maji ya mafuriko. Ndani, tumia rangi isiyokolea, isiyong'aa sana, ili isichome miguu wala kuumiza macho. Sakafuni, nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa juu ya koti la kwanza likiwa bichi, kisha paka la pili juu yake, na miguu yenye maji haitateleza.

Tumia brashi au rola. Rangi za poliyurethani za kuchanganya mikebe miwili hutoa kemikali ambazo zikipulizwa kwa mashine zinaweza kumpa fundi pumu ya kudumu. Kazi hiyo iachiwe mwenye chumba na vifaa vya kupumulia vinavyofaa. Popote unapofanyia kazi, pasiwe na jiko la makaa, sigara wala cheche karibu, kwani mvuke wa thina hushika moto haraka. Na usiweke thina katika chupa ya soda: mtoto hajui tofauti.

Baada ya koti la mwisho, ngoja. Rangi inayokauka kwa kugusa baada ya saa chache bado ni laini ndani. Iache boti wiki nzima kabla ya kuiweka majini, au muda ambao lebo imetaja.

Hatua ya 7: Taka zisifike mtoni

Mitaro ya Thika humwaga katika mito Thika na Chania, inayokwenda Tana na kufika bwawa la Masinga. Mitaro ya Ruiru humwaga katika mto Ruiru, unaoingia Athi, unaopita Fourteen Falls na hatimaye kufika Bahari Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Katika mito yote hiyo kuna watu wanaochota maji, wanaonywesha mifugo na wanaovua samaki. Thina iliyomwagwa mtaroni haipotei. Inahamia kwa jirani.

Acha maji ya msasa yatulie ndani ya ndoo usiku kucha, uchuje uchafu kwa kitambaa kizito, kisha ufunge uchafu, vitambaa na misasa iliyotumika ndani ya mifuko miwili. Vitambaa vyenye thina au mafuta vitandazwe nje vikauke kwanza, kwani vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Thina iliyotumika iachwe itulie ndani ya mkebe uliofunikwa. Sehemu safi ya juu inaweza kutumika tena kuoshea brashi. Usichome mikebe wala mabaki ya rangi. Ulizia katika ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako mahali pa kupeleka taka za aina hii.

Kabla ya kubeba watu

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti majukumu ya vivuko, huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga, pamoja na vyuo vya ufundi. Usalama wa vyombo vinavyobeba abiria majini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, na mamlaka yake yanahusu pia mito na maziwa ya bara. Rangi mpya haichukui nafasi ya ukaguzi wala ya jaketi la kuokoa maisha kwa kila aliye ndani.

Ukimpa fundi kazi hii badala ya kuifanya mwenyewe, muulize maswali manne kabla ya kumlipa malipo ya kwanza. Atatumia praima gani, na je, lebo yake inataja alumini? Atapiga msasa wa maji au mkavu? Siku atakayopiga msasa ndiyo siku atakayopaka praima? Taka atazipeleka wapi? Fundi mzuri atakujibu bila kukasirika.

Kazi ikikamilika, rudia jaribio la maji la hatua ya kwanza, boti ikiwa juu ya mbao zake. Ikikaa kavu chini kwa nusu saa, iko tayari kwenda majini.